Antigone: mchezo mmoja, wenye elimu wengi

Wanafunzi wa kalasi za juu wanajua buku inayoitwa Antigone. Mwalimu wa Kifaransa anaifundisha. Wengine wanaipenda, wengine wanasinzia. Na kila mwaka tunasikia neno lile lile katika mabweni: "Mimi nitasoma sheria kule iniversite," ao: "Mimi nataka kuwa munganga, hii teatre ya watu wa kale itanisaidia nini?" Tulisema katika redaksio: tujibu neno hili mara moja liishe. Sababu ukiingia katika biblioteki ya iniversite kubwa, utakuta Antigone si kwa watu wa lugha peke yao. Iko kwa watu wa sheria. Iko kwa wafilozofu, kwa watu wa historia, kwa wale wanaochunguza ukoo na desturi, kwa wenye kufasiri Biblia, na hata munganga ana neno la kusema juu yake. Wote wanavuta mchezo mmoja, kila mtu kwa upande wake. Tunataka kuonyesha namna wanavyouvuta, na mahali gani mchezo wenyewe unakataa kuvutwa.

Kwanza, iko Antigone mbili, msizichanganye. Ile mnayosoma kalasini ni ya Mfaransa Jean Anouilh, iliyochezwa mara ya kwanza Paris mwezi wa pili 1944, wakati Wajeremani walikuwa wanatawala mji ule. Ya kwanza, ile iliyozaa hii, ni ya Sophocle, mtu wa Athene, na ilichezwa karibu mwaka 441 mbele ya Kristo. Sophocle aliandika michezo zaidi ya mia moja. Saba tu imebaki mizima. Tena hakuwa mtu wa kalamu peke yake. Alikuwa mmoja wa watunza hazina ya Athene na miji iliyokuwa chini yake, na kiisha akachaguliwa jemadari pamoja na Périclès kwa vita ya kisiwa cha Samos. Basi anaposema juu ya utawala, anasema mambo aliyoyaona kwa macho yake.

Habari yenyewe ni fupi. Œdipe, mfalme wa Thebe, alikufa akaacha wana wawili na mabinti wawili. Wana wakagombania kiti. Polynice akaleta jeshi la kigeni juu ya mji wake mwenyewe. Étéocle akabaki kuulinda. Wakauana siku moja. Créon, mjomba wao, ndugu ya mama yao, akatwaa utawala. Tangazo lake la kwanza lilikuwa hili: Étéocle azikwe kwa heshima, Polynice asizikwe, asililiwe, aachwe inje kuwa chakula cha mbwa na ndege. Atakayemzika atauawa. Antigone, dada yao, akaenda kumtia udongo. Walinzi wakaufagia ule udongo. Akarudi mara ya pili, wakamkamata. Hémon, mwana wa Créon, aliyekuwa mchumba wa Antigone, akamsihi baba yake abadili neno. Baba akakataa, akamfungia msichana hai ndani ya pango. Ndipo nabii kipofu Tirésias akaja kusema kwamba miungu imekasirika, na Créon akaogopa mwishoni. Wazee wa mji walimshauri amfungue msichana, kiisha azike maiti. Yeye akageuza: alianza na maiti. Alipofika pangoni, Antigone alikwisha kujinyonga. Hémon akajiua kwa upanga mbele ya baba yake, na Eurydice, mama ya Hémon, aliposikia habari akajiua vilevile.

Tuanze na watu wa sheria, maana hao wanautumia mchezo huu tangu zamani sana. Wanapenda mahali Créon anapomwuliza Antigone kama alijua lile katazo. Angalieni swali hilo, ni swali la hakimu. Msichana angeweza kusema hakusikia, pengine angepona. Anajibu kwamba alijua, na kila mtu alijua. Kiisha anaeleza kwamba tangazo la binadamu halina nguvu ya kupita sheria za miungu ambazo hazikuandikwa popote. Miaka mia moja hivi nyuma yake, Aristote aliandika buku juu ya namna ya kusema mbele ya watu, akashika maneno haya kuwa mfano: iko sheria ya kila mji, na iko sheria ya watu wote. Tena anawapa avoka shauri ambalo lilituchekesha kidogo: kama sheria iliyoandikwa inakupinga, kimbilia ile isiyoandikwa, kama inakusaidia, ishikilie sana. Ndivyo Antigone alivyoingia mahakamani, na hajatoka mpaka leo. Watu wa sheria wanapobishana kama sheria mbaya ni sheria kweli ao ni nguvu tu, jina lake halikawii kutajwa.

Wengine wanachimba mambo madogo ya kesi, na sisi tunayapenda hayo zaidi. Mwanzoni tangazo lilisema mwenye kosa atapigwa mawe na watu wote mbele ya mji. Lakini Antigone hakupigwa mawe; alifungiwa pangoni na chakula kidogo, kusudi mji usihesabiwe damu yake. Sababu gani adhabu imebadilika? Kupiga mawe kunataka mikono ya raia. Na Hémon amekwisha kumwambia baba yake kwamba watu wa mji wanamlilia huyu msichana kwa siri. Mchezo hausemi wazi kwamba Créon aliogopa kukosa watu wa kutupa mawe. Lakini avoka anayejua kusoma hukumu, na kulinganisha adhabu iliyotangazwa na adhabu iliyotolewa, atajiuliza tu.

Hapa mtu wa lugha anamsaidia mtu wa sheria. Katika Kiyunani, Créon anaita neno lake nomos, maana yake sheria. Antigone anapenda kuliita kerugma, tangazo, kitu kinachopigiwa kelele njiani na mjumbe. (Wachungaji wetu wanalijua hili neno kerugma, katika Agano Jipya limekuwa mahubiri.) Ugomvi wote umo ndani ya maneno hayo mawili. Na wazee wa mji, wanapomwona akipelekwa pangoni, wanasema amekuwa autonomos, yaani mtu anayefuata sheria yake mwenyewe. Neno hilo lilikuwa la miji iliyojitawala, na hapa linavikwa mtu mmoja, tena msichana. Otonomi ambayo tunaisikia kila siku katika redio kwa habari za majimbo, kumbe ni jamaa yake.

Mwalimu wa historia anakuja na swali lingine kabisa. Hataki kujua kwanza nani ana haki. Anauliza: watu wa Athene waliokaa kuangalia mchezo siku ile, walisikia nini? Wao pia walikuwa na sheria juu ya maiti za wasaliti. Xénophon anaitaja: aliyehukumiwa kwa kuuza mji, ao kwa kuiba vitu vya hekalu, asizikwe katika inchi ya Athene. Thucydide naye anaeleza habari ya Thémistocle, yule jemadari mkubwa ambaye mwisho wake alihesabiwa msaliti akafia ugenini: jamaa zake walisema kwamba walileta mifupa yake nyumbani na kuizika kwa siri. Kwa hiyo Créon hakutoka mwezini. Mtu wa Athene aliyesikia lile tangazo angeweza kutikisa kichwa na kusema, ndiyo, huyu anajua kutawala.

Lakini angalia tofauti. Sheria ya Athene ilisema: si katika inchi yetu. Jamaa waliweza kuvuka mpaka na kumzika mtu wao ngambo. Créon alimweka maiti palepale, akaweka na walinzi, kusudi aliwe mbele ya macho ya watu. Alichukua sheria iliyojulikana akaisukuma hatua moja mbele, na ile hatua moja ndiyo iliyovunja nyumba yake. Tena watu wa Athene hawakucheza na mambo ya wafu. Mwaka 406, mwaka ule ule tunaohesabu kuwa wa kufa kwa Sophocle, walishinda vita ya bahari kule Arginuses, kiisha wakawaua majemadari sita wa kwao, sababu tufani iliwazuia kuokota watu wao majini, wazima na maiti.

Iko na jambo la kilio. Zamani za Solon, zaidi ya miaka mia moja mbele ya mchezo huu, serikali ya Athene ilipunguza kilio cha wanawake: wasijikwaruze nyuso, wasifanye makelele ya matanga kupita kiasi. Na katika siku za Sophocle, mifupa ya waliokufa vitani ilizikwa na mji, kwa mali ya mji, na msemaji aliyechaguliwa na mji. Wafu walikuwa wanatolewa kidogo kidogo katika mikono ya mama na dada, wanawekwa katika mikono ya serikali. Mtu anayejua habari hii anasoma Antigone kwa namna nyingine. Mwaka 1989 bibi mmoja mwenye elimu, Christiane Sourvinou-Inwood, aliandika kwamba sisi wa leo tunamhurumia Antigone mbio sana. Watu wa Athene wangemwona kwanza kama mwanamke aliyetoka katika mahali pake na kupinga mji. Wengi walimpinga. Sisi tunaona kwamba alifanya vizuri kutukumbusha tusiingie katika nyumba ya watu na viatu vyetu. Lakini mchezo unaendelea mpaka mwisho, na mwishoni Tirésias anasimama upande wa kuzika. Yule mtu wa Athene aliyetikisa kichwa mwanzoni alirudi nyumbani na mawazo mengine.

Kwa wafilozofu tutapita haraka, ingawa wao wameandika makaratasi mengi. Mjeremani Hegel, katika buku ya 1807 na tena katika masomo yake juu ya sanaa, alisema kwamba hapa hapigani mwema na mbaya. Zinapigana haki mbili: haki ya jamaa na wafu, na haki ya serikali. Kila mmoja anashika haki moja na kukanyaga ingine, na kwa hiyo wanaanguka wote. Ni neno kubwa, linasaidia sana mtu asiwe mvivu wa kuchagua upande. Hata hivyo tunasita. Katika mchezo, nani alimwambia Créon kwamba haki yake imepita mpaka? Mwanawe, nabii, mwishoni wazee wa mji. Hakuna hata mmoja aliyemwambia Antigone kwamba Polynice alistahili mbwa. Mizani si sawa kama Hegel alivyotaka. Bibi Martha Nussbaum wa Marekani, katika buku yake ya 1986, anasema wote wawili wamepunguza dunia ili iingie katika neno moja, Créon kwa mji, Antigone kwa wafu. Lakini anaongeza kwamba upungufu wa Antigone si sawa na ule wa Créon. Tuko karibu naye.

Sasa tunafika mahali panapotupendeza kuliko pote, sababu hapa wenye elimu wanagombana kweli.

Antigone anapokwenda kufungiwa, anasema na kaburi lake na watu wake waliokufa. Na pale, katika mistari 904 mpaka 920, anatoa neno ambalo hakuna mtu alilingojea. Anasema kwamba kama aliyekufa angekuwa bwana yake ao mtoto wake, asingepinga mji juu yake. Bwana akifa, unaweza kuolewa na mwingine. Mtoto akifa, unaweza kuzaa mwingine. Lakini baba na mama wakiwa wamekwisha kufa, kaka hawezi kuzaliwa tena.

Mnaona shida? Mtu wa sheria amejenga nyumba nzima juu ya sheria isiyoandikwa, inayofunika wafu wote. Na sasa msichana mwenyewe anasema: hapana, si kwa kila mfu, ni kwa kaka. Goethe, mshairi mkubwa wa Wajeremani, alisema mwaka 1827 kwamba angefurahi sana kama mtu wa elimu angehakikisha kwamba mistari hii si ya Sophocle, mtu mwingine aliiingiza. Mwingereza Richard Jebb, ambaye alifasiri na kueleza michezo yote ya Sophocle katika karne ya 19, aliikataa. Walitaka Antigone aliye safi, na mistari hii iliwachafulia.

Lakini ni nani anayeitaja mistari hii kuwa ya Sophocle? Ni Aristote, katika buku ile ile ambamo amemtumia Antigone kwa sheria isiyoandikwa! Anaileta kama mfano wa mtu anayesema neno gumu kuamini na kutoa sababu yake papo hapo. Yaani shahidi mkubwa wa watu wa sheria ni shahidi wa mistari wanayotaka kuifuta. Na Hegel, ambaye tumemkaripia kidogo, hapa tunampa heshima yake: hakuikimbia. Alisema kwamba kwa dada, kifo cha kaka ni hasara isiyolipwa, na kazi yake kwa kaka ni kubwa kuliko zote.

Wanaochunguza desturi na hadisi za makabila nao hawakushangaa. Hérodote, aliyeishi wakati mmoja na Sophocle, ana habari ya mwanamke wa Uajemi: mfalme Darius alifunga bwana yake, watoto wake na kaka yake, akamwambia achague mmoja wa kupona. Akamchagua kaka, kwa sababu ile ile. (Mfalme alifurahi, akamrudishia na mtoto wa kwanza.) Katika India iko hadisi ya zamani ya Wabuda yenye uchaguzi ule ule. Basi neno hili lilikuwa linatembea katika midomo ya watu, na Sophocle alilichukua njiani. Lakini alilitia mahali pagumu: wale wanawake wengine walichagua kaka aliye hai. Wa Antigone amekwisha kufa. Hapati kitu.

Na hapa kwetu, wazee wengi wangeelewa mbio kuliko Goethe. Mali iliyotolewa kwa dada ndiyo mara nyingi iliyomwolea kaka bibi; dada anapokosana na bwana yake, mlango wa kurudia ni wa kaka. Tena muangalie Créon yuko nani: ni mjomba. Mwanafunzi mmoja wa kalasi ya tano alisema mbele ya wote kwamba jambo la kutisha katika mchezo si mfalme kuua raia, ni mjomba kumfungia mtoto wa dada yake. Hakuna buku iliyomfundisha neno hilo. Wengine walisumbuka juu ya Hémon: namna gani msichana aolewe na mtoto wa mjomba wake? Katika Athene ilikuwa ruhusa. Kwa makabila mengine ya kwetu ni ruhusa pia, kwa mengine ni mwiko, na mabishano yale yalikula saa nzima ya somo.

Sisi tunaona mistari ile ibaki. Antigone alipokuwa mbele ya mfalme alisema kama mtu anayeshitakiwa: alitafuta neno kubwa la watu wote. Hapa mfalme si kitu tena kwake, anasema na wafu wake, na sababu inayotoka ni ile ya ndani. Aliyesikia mama akilia usiku wa matanga anajua kwamba kilio hakipangwi kama hotuba ya avoka. Na mwenye elimu anayelazimika kufuta mistari kumi na saba kusudi wazo lake lisimame, afadhali atazame wazo lake mara ya pili.

Munganga wa roho, Mfaransa Jacques Lacan, alikaa juu ya mchezo huu katika masomo yake ya 1959 na 1960, akisema Antigone anakwenda kwa kile anachokitaka bila kurudi nyuma, mpaka anakaa kati ya kufa na kufa. Ni magumu, tunawaachia watakaofika huko. Wengi wanajua kwamba mbele yake Freud alitumia habari ya baba, Œdipe. Lacan alimwendea binti.

Wenye kufasiri Biblia wanamlinganisha Antigone na Rispa, katika 2 Samweli 21. Someni sura ile, ni ya kuogopesha. Wana na wajukuu saba wa Sauli wanauawa, miili inaachwa mlimani. Rispa, mama wa wawili kati yao, anatandika gunia juu ya mwamba, anafukuza ndege mchana na wanyama usiku, tangu mwanzo wa mavuno mpaka mvua inapoanguka juu yao. Hasemi hata neno moja katika sura nzima. Na mfalme Daudi anaposikia, anakusanya mifupa na kuizika. Daudi alifanya kile ambacho Créon alichelewa kufanya. Lakini tusimbatize Antigone kwa nguvu. Wengine wanamsogeza haraka kwa Petro na mitume, katika Matendo 5, walioweka kumtii Mungu mbele ya kuwatii wanadamu. Miungu ya Antigone ni Zeus na wale wa chini ya udongo. Hana wokovu wala ufufuo mbele yake. Ana kaka, basi.

Na munganga wa mwili? Yeye atasimama pale Tirésias anapoeleza kwamba mbwa na ndege wamechukua nyama ya maiti mpaka kwenye mazabahu, sadaka haziwaki, ndege wanapiga kelele na kuraruana. Kwa Wayunani hii ni miasma, uchafu unaotoka kwa mfu na kuambukiza mji mbele ya miungu, hawakujua mikrobi. Munganga wa leo anaona kwamba waliona njia, hata kama hawakuona mdudu.

Hapa kwetu neno hili si la vitabuni. Kutoka tarehe 1 mwezi wa nane 2018 mpaka tarehe 25 mwezi wa sita 2020, Ebola iliua watu zaidi ya 2,200 katika Kivu ya Kaskazini, Ituri na kidogo Kivu ya Kusini. Maiti ya aliyekufa kwa Ebola inaambukiza sana, na kuosha mfu kwa mikono kuliwaua wengi. Vikundi vya kuzika vilifika na mavazi yaliyofunika uso, na mahali pengine watu waliwapiga mawe. Kijana aliyesoma Antigone angesema mbio: serikali ni Créon, jamaa ni Antigone. Tunamwomba angoje. Créon alikataza kuzika. Vile vikundi vilikuja kuzika. Créon alitaka kumwadhibu mfu. Wao walitaka kumlinda mzima. Lakini munganga naye asome sawasawa. Mama anayekatazwa kugusa mtoto wake hashikilii ujinga tu, anashikilia deni. Shirika la Afya la dunia lilielewa hilo: mwaka 2014, wakati wa Ebola ya Afrika ya Magharibi, lilitoa maagizo ya maziko yaliyo salama na ya heshima: jamaa waelezwe kwanza, wakubali, waweze kuleta nguo ya mfu, kuomba, kutia udongo wakati unapowezekana. Kutia udongo! Antigone naye hakuweza zaidi ya hapo.

Wenye elimu ya Wayunani siku hizi wanajifunza pia namna Waafrika walivyouchukua mchezo. Barbara Goff na Michael Simpson walitoa buku nzima juu ya mambo haya mwaka 2007. Katika kisiwa cha Robben, wafungwa wa siasa waliucheza, na Nelson Mandela alikuwa Créon. Anaeleza katika buku ya maisha yake, 1994, kwamba alijifunza kwa Créon hatari ya kiongozi asiyetaka kuinama. Athol Fugard, John Kani na Winston Ntshona wakatengeneza The Island, 1973, wafungwa wawili wanaojitayarisha kumcheza Antigone gerezani. Ngambo ya mto, kule Brazzaville, Sylvain Bemba aliandika Noces posthumes de Santigone mwishoni mwa miaka ya 1980, na Femi Osofisan wa Nigeria akaandika Tegonni mwaka 1994. Tunashangaa kidogo kwamba Bemba hafundishwi zaidi kwetu, jirani yetu hivi.

Kwa wale watakaotafuta mistari 904 mpaka 920 katika buku ya kalasi: hamtaiona. Anouilh aliiacha, na Tirésias pia alimwacha. Badala yake Créon wake anamwambia msichana kwamba ndugu wote wawili walikuwa watu wabaya, na kwamba miili iliharibika hata yeye hajui ni nani aliyezikwa na ni nani aliyeachwa inje. Wajeremani walitoa ruhusa mchezo uchezwe. Kati ya Wafaransa, wengine walisema unasifu wanaokataa, wengine walisema unamtetea mtawala, na ubishi ule haujaisha. Mwalimu wa Kifaransa amekubali kuleta Sophocle katika tafsiri ya Kifaransa, buku moja tu, itakaa biblioteki na haitatoka inje.